Bajeti ya Nyumba: Somo la Kusomwa na Familia Pamoja

Katika ploti nyingi za Makongeni, mjini Thika, kodi ya nyumba hutarajiwa kufikia tarehe 5 ya mwezi. Ikifika tarehe 10 bila kulipwa, msimamizi wa ploti huanza kubisha mlango. Miezi miwili ikipita, familia inaweza kurudi jioni na kukuta kufuli ambalo si lake. Mara nyingi familia inayofikia hapo haikukosa pesa kabisa. Pesa ziliingia, kisha zikatoka kwa njia ambazo hakuna aliyezihesabu: hamsini hapa, mia mbili pale, na mkopo wa simu uliokatwa dakika ile ile mshahara ulipotua.

Somo hili linahusu jinsi familia yenye kipato kidogo inavyoweza kupanga bajeti na kuifuata. Linafaa kusomwa na watu wote wa nyumba wakiwa wameketi pamoja, wala si na mmoja wao kisiri.

Tuchukue familia ya mfano ya watu watano. Baba ameajiriwa kiwandani kwa mshahara wa Sh20,000. Mama ana kibanda cha mboga kando ya barabara. Watoto watatu wako shuleni. Bei zitakazotajwa ni za kufanyia hesabu tu. Kila nyumba iweke zake.

Kosa la kwanza hutokea kabla ya shilingi moja kutumika, katika kuhesabu mapato. Nyumbani wote husema "mshahara ni elfu ishirini." Sivyo. Mchango wa bima ya afya wa SHIF, ulioanza kukatwa Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, yaani Sh550. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani Sh300. NSSF huchukua asilimia 6, yaani Sh1,200. Kodi ya mapato haimgusi mfanyakazi huyu kwa sababu nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi huimeza yote. Kwa hivyo kinachoingia mkononi ni Sh17,950. Akiwa na mkopo wa Sacco au alichukua advansi kazini, kitakuwa kidogo zaidi. Mke anayepanga matumizi kwa elfu ishirini ilhali mume amepokea elfu kumi na saba na ushei atamshuku mumewe bure, na ugomvi mwingi wa mwisho wa mwezi huanzia hapo. Dawa yake ni rahisi: karatasi ya mshahara iletwe nyumbani, isomwe.

Mapato ya kibanda ni magumu zaidi kuyakadiria. Mwezi mzuri mama hupata faida ya Sh7,200. Mwezi wa mvua, au wateja wake wanapokuwa bado hawajalipwa, faida hushuka hadi Sh4,800. Bajeti ifuate ipi? Ifuate ile ndogo. Kati ya 2012 na 2013, shirika la FSD Kenya lilifuatilia pesa za takriban familia 300 nchini, zikiwemo za Nairobi, Mombasa, Eldoret, Makueni na Vihiga, na matokeo yakachapishwa chini ya jina "Shilingi kwa Shilingi." Moja ya mambo yaliyojitokeza wazi ni kwamba mapato ya familia hizo yalipanda na kushuka sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Anayepanga kwa mwezi mzuri atakopa katika mwezi mbaya.

Basi familia yetu ina Sh22,750 za uhakika. Kodi ya nyumba ni Sh6,000. Chakula ni Sh350 kwa siku, jumla Sh10,500. Stima Sh700, maji Sh500, gesi ya mtungi mdogo Sh1,300. Baba huenda kazini kwa miguu asubuhi na kurudi kwa matatu jioni, nauli Sh1,300. Mahitaji ya shule Sh1,500. Chama cha mama Sh200 kwa wiki, Sh800 kwa mwezi. Jumla ni Sh22,600. Zinabaki Sh150.

Hapo ndipo wengi hutupa kalamu. Lakini hizo Sh150 zimesema jambo kubwa: familia hii haina nafasi ya kosa hata moja. Haina fungu la mtoto kuugua usiku, la viatu vilivyotoboka, wala la simu kutoka ushago kwamba kuna matanga na kila mtu anachanga. Ni afadhali kulijua hilo tarehe 1 kuliko kuligundua tarehe 18.

Tofauti ya mwezi mzuri na mbaya katika kibanda ni Sh2,400. Pesa hizi ndizo zenye uzito kuliko zote katika nyumba hii, na ndizo hupotea upesi, kwa kuwa zikiingia huonekana kama zawadi. Familia ikubaliane juu yake kabla hazijapatikana. Kwa mfano, Sh1,000 ziwekwe kwa ajili ya Januari, Sh900 ziwe za dharura, na Sh500 ziwe za jamaa na michango. Miezi sita mizuri itatoa Sh6,000 za Januari. Hazitalipa kila kitu, lakini sare na vitabu havitanunuliwa kwa mkopo. Wakenya hawakuubatiza mwezi huo "Njaanuari" kwa mzaha tu. Shule hufunguliwa wakati mshahara wa Desemba ulishaliwa kwenye sikukuu.

Fungu la jamaa huwaletea wengi aibu kulitaja. Litajwe. Mtu mwenye kiasi kilichokubaliwa nyumbani anaweza kumwambia ndugu yake bila kuzungukazunguka, "Mwezi huu nina mia tano," na ikaishia hapo. Asiye na kiasi hutoa elfu moja kwa haya, kisha hukopa ya unga.

Mkopo wa simu

M-Shwari ilipozinduliwa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Asilimia hiyo husikika ndogo. Kwa mkopo wa Sh2,000 ni Sh150 tu, bei ya mboga za siku chache. Lakini familia inayolipa mkopo huo na kuuchukua tena kila mwezi hutoa Sh1,800 kwa mwaka kwa ajili ya zile zile Sh2,000, na mwisho wa mwaka bado inadaiwa. Fuliza, iliyoanza 2019, hufidia salio lisilotosha, na deni huongezewa ada ya kila siku hadi litakapolipwa. Huduma hizi zina manufaa yake mtoto anapohitaji dawa saa nne usiku. Hasara iko katika kuzifanya sehemu ya mshahara.

Familia ya mfano wetu, yenye Sh150 za ziada, ingekuwa inatumia ziada yake yote kulipia ada ya mkopo mmoja wa Sh2,000.

Kuna programu nyingine nyingi za kukopesha kwenye simu. Tangu Machi 2022, kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinawataka wakopeshaji wa kidijitali kuwa na leseni, na zinawakataza kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha. Mkazi anayetaka kukopa aangalie kwanza kama jina la mkopeshaji liko katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu.

Uchumi wa kadogo

Watu husema maskini hulipa zaidi kwa kununua kidogokidogo, na hesabu inakubali. Kilo ya sukari ikiuzwa Sh150, na robo ikiuzwa Sh45, anayenunua robo nne amelipa Sh180. Kwa kilo nne kwa mwezi, tofauti ni Sh120. Hata hivyo, kadogo isidharauliwe. Mafuta ya kupimiwa ya ishirini hutosha chakula cha leo na hayamwagwi ovyo. Chupa ya lita moja ikiwa kabatini, mkono huwa mwepesi. Aidha, mwenye Sh350 za siku hawezi kuzifunga zote ndani ya sukari.

Njia ya katikati ni kuchagua vitu viwili au vitatu visivyoharibika wala kuvutia kuliwa haraka, kama mahindi, maharagwe na sabuni ya kipande, na kuvinunua kwa wingi mshahara unapoingia. Baadhi ya vyama vya akina mama hununua gunia kwa pamoja na kugawana kwa gorogoro. Vilivyobaki viendelee kununuliwa kwa siku.

Jikoni kuna nafuu nyingine. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka zaidi. Githeri ikishachemka vizuri inaweza kumaliziwa ndani ya kikapu cha kuhifadhi joto, kile kilichojazwa vitambaa au sponji pembeni, bila moto wowote. Githeri ya kupikwa mara moja kwa siku mbili au tatu hupunguza gesi na pia safari za dukani, na safari za dukani zina gharama yake, hasa ukimtuma mtoto.

Kuhusu stima, jambo moja halijulikani kwa wengi. Bei ya uniti hutegemea wastani wa matumizi ya miezi mitatu iliyopita, na wateja wa nyumbani wasiozidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini zaidi. Kwa hiyo koili ya kuchemshia maji iliyotumika kila asubuhi mwezi wa baridi inaweza kupandisha bei ya uniti za miezi inayofuata. Katika ploti zenye mita moja ya pamoja, matumizi ya wapangaji wote huhesabiwa kama ya mteja mmoja, na hapo kujinyima kwa nyumba moja hakuwezi kushusha bei ya uniti. Ni swali la kumuuliza mwenye ploti kabla ya kuhamia.

Kikao cha nyumbani

Haya yote hayadumu yakipangwa na mtu mmoja. Mama akijua peke yake kwamba Sh350 ndizo za siku, baba atarudi na nyama ya mkopo akidhani ameleta furaha. Baba akijua peke yake kwamba kuna deni, mama ataongeza mchango wa chama. Kuna nyumba ambazo mume na mke wote wana mikopo ya simu, kila mmoja akimficha mwenzake, na wote wawili wanakopa ili kujaza pengo lile lile.

Kikao cha kwanza huwa kigumu kwa sababu hiyo. Kifanywe wakati hakuna mwenye njaa wala mgeni, na kianze na madeni. Kila mmoja ataje anachodaiwa, na mwenzake asikilize hadi mwisho bila kuuliza pesa zilienda wapi. Lililopita halirudishwi na ukali. Mtu akikemewa leo, deni lijalo atalificha vizuri zaidi.

Watoto waitwe sehemu ya pili. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuelewa kwamba tokeni za Sh200 zinatakiwa zifike Jumapili, na mara nyingi yeye ndiye atakayewakumbusha wakubwa kuzima taa. Aliye katika shule ya msingi ya juu anaweza kupewa kalamu awe karani. Lakini asibebeshwe hofu ya kodi. Akielezwa kinachowezekana mwezi huu na kisichowezekana, inatosha.

Zoezi la wiki nne

Nunua daftari la Sh20 na ulifunge kwa kamba karibu na mlango wa jikoni. Kila anayetoa pesa, awe mkubwa au mdogo, aandike siku, kitu na kiasi. Mjazo wa simu na ada za kutuma pesa ziandikwe pia. Kila Jumapili jioni, karani asome jumla tatu: chakula, simu na madeni, na vingine. Kwa wiki nne hizo msipunguze chochote wala kumlaumu yeyote. Wiki ya tano, kila mtu wa nyumba achague jambo moja la kuacha au kupunguza, kutoka katika matumizi yake mwenyewe na si ya mwenzake, na aliandike kwa mkono wake kwenye ukurasa mpya.