Muuaji Ni Mtoto wa Nani? Kuandika na Kuuza Hadithi ya Upelelezi Mongbwalu

Wanafunzi wenzangu wameniomba nieleze jinsi nilivyoandika hadithi yangu ya pili ya upelelezi na jinsi ninavyoiuza, maana wengi wameiona kwenye chumba cha fotokopi nje ya lango letu na hawajui imetoka wapi. Nimekubali, kwa sharti kwamba nieleze pia mahali nilipokosea. Sehemu kubwa ya ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyapata kwa kukosea mbele ya watu, jioni, uani kwa mjomba wangu huko Mongbwalu.

Hadithi yenyewe ni fupi, kurasa 48. Mchimbaji anakutwa asubuhi amekufa kando ya kijito wanakosafishia mchanga. Jioni ya jana yake alikuwa ameuza dhahabu, lakini fedha hazionekani. Mnunuzi anatoa daftari lake kama ushahidi: limeandikwa kwamba marehemu alileta donge la gramu 20 likiwa bado na zebaki, likachomwa mbele yake, naye akalipwa gramu 20. Mnunuzi analia kama wengine wote. Anachangia hata jeneza.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba njia hii si mpya katika Kiswahili, na mwanafunzi anayetaka kuandika upelelezi asianze na filamu za Marekani wakati nyumbani kuna maktaba nzima. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Mswada wake ulipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ukatolewa mwaka 1960 kwa jina Mzimu wa Watu wa Kale. Humo tunamkuta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum, rafiki anayeuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza. Undugu na Sherlock Holmes uko wazi, wala hakuna haja ya kuuonea haya. Mimi hupenda kufikiri kwamba ile kazi ya ukaguzi wa afya ilimfaa Abdulla kuliko vitabu vya Kiingereza: mkaguzi huingia nyumba ya mtu, husalimia kwa adabu, na macho yake yapo uvunguni. Baada yake alikuja Faraj Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kuanzia Kufa na Kupona mwaka 1974. Sisi Wakongo tuna sababu ya pekee ya kumsoma Musiba, kwa kuwa Kikosi cha Kisasi cha mwaka 1979 kinampeleka Willy Gamba Kinshasa. Nitarudi kwake, maana alinipotosha.

Sasa dokezo. Kila mwandishi wa upelelezi lazima aweke mbele ya msomaji kitu kinachofichua uongo, na akiweke bila kukificha, ila msomaji apite juu yake. Langu ni zile gramu 20. Donge linalotoka kwenye karai likiwa na zebaki ni jeupe, laini kidogo, na karibu nusu ya uzito wake si dhahabu. Ukilichoma, zebaki inaondoka kwa mvuke (inachemka kwenye nyuzi 357), donge linageuka manjano na mizani inashuka. Donge la gramu 20 haliwezi kubaki gramu 20. Aliyeandika daftari lile hakuchoma kitu siku ile. Alikaa baadaye akatunga namba, na kwa haraka yake akaandika ileile mara mbili.

Nilijivunia sana dokezo hilo. Hapa Bunia niliwapa marafiki sita wa kitivo wasome, na hakuna aliyeliona mpaka mpelelezi alipoeleza mwishoni. Nikabeba nakala zangu, nikapanda pikipiki kwenda Mongbwalu, na jioni ya kwanza nikaanza kusoma kwa sauti kwa mwanga wa simu. Nilipofika kwenye daftari, ukurasa wa tisa, kijana mmoja mwenye matope bado kwenye magoti akanikatiza: "Mwalimu, ile mutu ya daftari iko anadanganya." Wengine wakacheka, wakamuunga mkono. Walishangaa kwamba bado nina kurasa 39 mkononi.

Somo nililolipata halikuwa kwamba dokezo ni baya. Ni kwamba dokezo halina ugumu wake lenyewe. Ugumu uko kwa msomaji. Kilichofichika Bunia kiko uchi Mongbwalu, na kwa mtu wa Unguja huenda kisieleweke hata baada ya kuelezwa. Kwa hiyo amua kwanza unamwandikia nani. Mimi niliamua kuwaandikia wale wa uani, na hapo ikabidi hadithi igeuke: kama wote wanajua ukurasa wa tisa kwamba daftari ni la uongo, basi swali halibaki "nani amedanganya?" bali "kwa nini watu watatu waliotia sahihi chini yake walikubali?" Wasomaji wa Bunia nao hawapotezi kitu. Wanapata mafumbo mawili badala ya moja.

Kuhusu kukata sura nitasema kidogo tu, maana kila mtu anayesoma hadithi za magazeti ya Dar es Salaam, zile za Eric Shigongo na wenzake, anaijua kazi hii: sehemu inakatwa mlango unapofunguliwa, kabla hatujaona aliyesimama nje. Mimi nilijifunza kwa betri ya simu. Ilipobaki asilimia tano nilisimama popote nilipokuwa, na nikagundua kwamba nikisimama katikati ya maelezo kesho yake watu ni wanane, nikisimama katikati ya swali ni ishirini. Tangu hapo naandika nikifikiria ile asilimia tano.

Kuuza ni kazi nyingine, na kitivo hakitufundishi. Mara ya kwanza niliitangaza kwa maneno haya: "Hadithi ya mauaji ya Mongbwalu." Nilidhani ni tangazo kali. Siku hiyohiyo mwenye shimo mmoja, wale wanaoitwa PDG, alimtuma mtu aje kuniuliza kama jina lake limo. Alikuja kwa adabu, alikunywa chai, lakini aliuliza mara tatu. Watu wawili wengine walirudisha nakala kabla hawajazifungua. Hapo ndipo nilipokumbuka niko wapi. Mongbwalu ni jina lililoandikwa katika hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya tarehe 8 Julai 2019, kwa yaliyotendeka huko mwishoni mwa mwaka 2002. Kuna watu hapo waliokwisha kuhojiwa na wageni wenye madaftari, kuhusu nani alimwua nani. Kwao, mtu anayekuja na makaratasi na kusema "mauaji ya Mongbwalu" haleti burudani.

Nikabadilisha tangazo. Sasa kwenye jalada kuna mstari mmoja: "Daftari linasema gramu 20. Wewe ungesaini?" Watu wanasimama, wanabishana juu ya zebaki, mmoja anasema inategemea mchanga umesafishwa vipi, mwingine anamwambia hajui kitu, na nakala mbili zinaondoka. Usiuze kisa, uza swali ambalo mnunuzi anaamini anaweza kulijibu kuliko wewe.

Lakini kosa lililo kubwa ni la jina, na hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika makala hii.

Jioni ya tatu nilifika mahali ambapo mpelelezi anamtaja muuaji kwa jina. Nililisoma. Mama mmoja mzee, ambaye siku zote alikaa nyuma akichambua maharagwe na hakuwahi kusema neno, akauliza taratibu: "Na ile muuaji, iko mutoto ya nani?" Hakuna aliyecheka. Mimi nilielewa swali kabla hajalimaliza. Kwetu Ituri jina la mtu husema upande wake, na nilikuwa nimempa muuaji jina la upande mmoja, na marehemu jina la upande wa pili. Sikufanya kwa makusudi. Nilichukua jina la kwanza lililonijia. Lakini jina la kwanza halikunijia bure. Nilizima simu, nikasema betri imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Usiku huo nilijaribu kujiokoa kwa Musiba. Adui wa Willy Gamba hutoka nje: ni majasusi wa Makaburu wa Afrika Kusini, na msomaji wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 hakuhitaji kuuliza ni mtoto wa nani. Basi nikamfanya muuaji wangu mgeni, mtu wa kutoka ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa rahisi, na si kwamba wageni hawana lao: Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamuru tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325, zikiwamo milioni 60 za mali ya asili. Ila katika hadithi yangu ilikuwa uongo. Daftari lile lilitiwa sahihi na watu watatu wa pale pale. Mgeni hakujua hata jinsi ya kushika kalamu yao. Nilizitupa kurasa zile.

Nikajaribu majina ya ubatizo, wote wakawa Jean na Dieudonné. Haikusaidia: msomaji wa kwetu anauliza mama yake ametoka kijiji gani, shamba lao liko kilima kipi, analia msibani kwa lugha gani. Akikosa jina, anasoma nyayo.

Mwishowe nilifanya hivi, na sidai kwamba ni jibu kwa kila mtu. Niliwapa watu wote majina ya utani ya kazini, kama wachimbaji wenyewe wanavyoitana, na nikafuta vijiji, vilima na nyimbo. Kisha nikamwachia mpelelezi kazi ya kuthibitisha mambo matatu badala ya moja: nani alipiga, nani aliandika, nani alinyamaza. Watatu waliosaini wote wana sehemu yao, na hadithi haisemi nani kati yao ni wa wapi. Rafiki mmoja wa hapa kitivoni ananilaumu kwamba nimewanyang'anya wahusika nchi yao ili nipate amani. Ana haki kwa kiasi fulani. Kuna ukurasa mzima juu ya kilima kimoja wakati wa mvua ambao niliupenda kuliko yote, na haumo tena.

Neno moja juu ya lugha, kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi ukumbini. Masimulizi yangu yako katika Kiswahili sanifu; watu wanapozungumza, wanazungumza kama Bunia na Mongbwalu, "mimi hapana jua" na yote. Nilipewa shauri nisahihishe mazungumzo ili kitabu kiweze kuuzwa Tanzania. Nilijaribu sura moja. Mchimbaji aliyetoka shimoni saa kumi na mbili jioni alisema "sifahamu lolote kuhusu jambo hilo," na uani wote wakaangua kicheko mahali ambapo palitakiwa kulia. Nikarudisha.

Niliporudi Mongbwalu na toleo hili la pili, niliomba nimsomee yule mama kwanza, peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea na maharagwe yake. Kisha akaniuliza tena swali lilelile, mutoto ya nani. Nikamwambia: "Mama, hadithi haisemi." Akatikisa kichwa, akakaa kimya muda mrefu, akasema yule aliyenyamaza anamjua. Sikumuuliza ni nani.

Nakala 40 zipo kwenye chumba cha fotokopi, franka 3000. Zilizochapwa wiki ya kwanza zina kosa ukurasa wa 31: palipoandikwa gramu 12 pasomeke gramu 20. Tafadhali sahihisheni kwa kalamu kabla ya kuazima mwenzenu, maana bila namba hiyo hadithi nzima haisimami.