Somo la Kawi Nyumbani: Chagua Kidhibiti Volti Kinachofaa

Betri ya sola ya volti 12 huwasha taa za nyumbani bila taabu. Lakini simu huchajiwa kwa volti 5, na redio ya mawe manne hutumia volti 6. Ukiviunganisha moja kwa moja na betri hiyo, huenda vikaungua papo hapo. Kidhibiti volti ndicho hushusha umeme hadi kiwango ambacho kifaa kinahitaji. Ukichagua kisichofaa, betri itaisha mapema na familia ilale gizani.

1. Soma kibandiko cha kifaa
Tafuta volti (V) na ampea (A). Volti zinazotoka kwenye kidhibiti sharti zilingane na za kifaa. Ampea za kidhibiti zaweza kuzidi, kwani kifaa huvuta kinachohitaji tu, lakini zisipungue.

2. Jua volti halisi za betri
Betri ya volti 12 hupita volti 14 inapochajiwa. Paneli yake, ikiwa juani bila kuunganishwa na kitu, huweza kupita volti 20. Nunua kidhibiti kinachostahimili volti za juu za betri yako, na usiunganishe simu wala redio na paneli moja kwa moja.

3. Tofautisha aina mbili
Aina ya kwanza ni kidude cha miguu mitatu, kama 7805 kinachotoa volti 5. Bei yake ni nafuu, lakini volti zote za ziada hugeuka kuwa joto. Aina ya pili, kama LM2596, hukata na kuachilia umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kisha huusawazisha. Hii hupoteza umeme kidogo tu.

4. Piga hesabu kabla ya kununua
Toa volti za kifaa kutoka kwa volti za betri, kisha zidisha kwa ampea. Jibu ni wati zinazopotea kwa joto katika aina ya kwanza.

Redio ya volti 6 na ampea 0.1: 12 − 6 = 6; 6 × 0.1 = wati 0.6. Joto hili ni dogo, kidude cha miguu mitatu kinatosha.

Simu ya volti 5 na ampea 1: 12 − 5 = 7; 7 × 1 = wati 7. Simu inapata wati 5 pekee, zinazopotea ni 7! Hapa chagua aina ya pili. Kiasi cha betri ambacho kingechaji simu kwa saa tatu na nusu sasa kitaichaji kwa takriban saa saba.

5. Kabla ya kuunganisha
Kidhibiti chenye skrubu ya kurekebisha kipimwe kwanza kwa mita. Zungusha skrubu hadi mita isome volti 5, ndipo uunganishe simu. Usibadilishe waya wa chanya na hasi. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri, ili nyaya zikigusana zisishike moto.

Ikiwa unataka kuwekewa mfumo mzima wa sola, mwombe fundi akuonyeshe leseni yake ya EPRA kabla hajaanza kazi.