Dawa Inayolenga Jeni, na Wajibu wa Mgonjwa

Aristotle anasema mwanzoni mwa Metafizikia kwamba tabibu hamponyi "binadamu" kwa jumla, bali humponya Callias au Socrates. Darasani tunaupita upesi mfano huu. Hospitali zimeuchukulia kwa uzito kuliko sisi wanafalsafa.

Zamani saratani ilitajwa kwa kiungo ilimoota tu. Sasa daktari huuliza pia ni jeni ipi iliyoharibika. Jeni ya BRAF ikipata kosa liitwalo V600E, huiamuru chembe igawanyike bila kukoma, iwe ya ngozi au ya ubongo. Dawa mbili zinazotumika pamoja, dabrafenib na trametinib, huizuia amri hiyo. Katika utafiti mmoja, kati ya wagonjwa 45 wa uvimbe mkali wa ubongo wenye kosa hilo, uvimbe ulipungua kwa takriban theluthi yao, na mwaka 2022 Marekani iliziruhusu kwa uvimbe ulioendelea kukua baada ya tiba nyingine. Wenye uvimbe huo wengi hawana kosa hili, ndiyo maana kipimo hutangulia dawa.

Hata kwetu tiba ya namna hii ipo. Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu wamekuwa wakipewa imatinib bure. (GeneXpert, mashine tunayoijua kwa makohozi ya kifua kikuu, ina katriji ya kupima kosa la jeni la ugonjwa huo.)

Lakini mama wa Kibondo ambaye uvimbe wake wa ubongo umerudi? Ameshafika Bugando, pengine hata Muhimbili, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake. Ndugu wanataka kuuza shamba la mwisho ili dawa itafutwe nje. Je, analazimika kukubali?

Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba kwa kawaida mtu anabanwa kutumia njia za kawaida tu, kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati. Katekisimu, namba 2278, inaruhusu kuacha tiba yenye mzigo usiolingana na matunda yanayotarajiwa. Kwa hiyo ukawaida haumo ndani ya kidonge. Imatinib ya bure, inayomrudisha mtu kazini, naiona njia ya kawaida. Shamba la mwisho la watoto si njia ya kawaida. Mama akikataa, hajajiua, na ndugu wasimnong'one hivyo jumuiyani.

Hata hivyo tusimwambie kwamba kukosa kipimo ni mapenzi ya Mungu. Kanuni hiyo inamfungua mgonjwa. Haiwafungui wanaopanga bajeti, bima na maabara, wala sisi.

Namba 2279 inaongeza kwamba matunzo ya kawaida hayakatizwi. Dawa ya maumivu, kulishwa, kugeuzwa kitandani na mpako wa wagonjwa atavipata hukohuko Kibondo au Kasulu. Na ndugu waulize hospitali kama kinyama kilichotolewa kwenye upasuaji kimehifadhiwa, maana kinaweza kupimwa jeni baadaye bila kumpasua tena.