Mali ya Marehemu: Desturi ya Ukoo na Amri ya Mungu

Neno la kushika: Mtu anayepokea mali ya marehemu anapokea na mzigo wake.

1. Jambo lenyewe

Ruashi ni komini mojawapo ya mji wa Lubumbashi, upande wa kaskazini-mashariki. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville. Watu wake walitoka pande nyingi, wakifuata kazi ya shaba. Kwa hiyo katika njia moja hukaa Waluba wa Kasai, ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa baba, na jirani zao Wabemba na Walamba, ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Desturi zao za urithi si moja. Kwa Waluba mali ya mtu hubaki upande wa baba yake. Kwa Wabemba na Walamba mrithi wa tangu zamani ni ndugu wa tumbo moja, au mtoto wa dada. Lakini katika desturi zote mbili yuko mtu mmoja asiyehesabiwa pamoja na warithi. Mtu huyo ni mjane.

Huu hapa mfano, nao hutokea mjini na vijijini pia. Mume amekufa Ruashi. Matanga hayajaisha, mikeka ya wenye kilio ingali chini, na wazee wa ukoo wamekwisha kuleta mkokoteni. Wanatoa kitanda, viti, redio na cherehani. Wanaomba na karatasi za kiwanja. Mjane ameketi ukutani, kichwa kimeinama, watoto wanne wanamzunguka. Hakuna anayemwuliza neno.

Marehemu alikuwa na mpwa wake, kijana wa kijijini anayejifunza dini apate ubatizo. Wazee wanampa baiskeli na ile cherehani, wakimwambia, “Mwana wetu, chukua. Hii ni haki yako kwa mjomba wako.” Kijana anashukuru, anarudi kwao. Siku ya mafundisho, katekista anafundisha amri ya saba: Usiibe. Kijana anasikia, na moyo wake unaanza kumsumbua. Je, ameiba? Au amepokea tu kilicho chake?

2. Maana ya desturi ya wazee

Isifikiriwe kwamba wazee wa zamani walikuwa wanyang'anyi. Desturi yao ilikuwa na maana njema. Mtu alipokufa, mrithi wake alisimama mahali pake. Alipokea jembe, bunduki na mbuzi, lakini alipokea vilevile watoto wa kulisha, deni la kulipa na mjane wa kutunza. Mjane hakulala njaa, kwa sababu jina la mumewe lilikuwa limepata mtu wa kulibeba. Hivyo mali ilikuwa kama mshahara wa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kulinda uzima wa waliobaki.

Leo wengi wamegawanya vitu viwili ambavyo wazee hawakuvigawanya. Wanachukua mali, wanaacha mzigo. Mkokoteni unapakia cherehani, lakini haupakii watoto. Basi watu hao wasiseme, “Tunafuata desturi.” Wamekata desturi katikati, wakatwaa kipande kitamu.

Tena mali yenyewe imebadilika. Zamani mume alirithiwa vitu vilivyotoka kwa ukoo wake. Mjini nyumba hujengwa na wawili. Mume huleta mshahara, na mke huuza unga, makala na samaki sokoni, hununua matofali kidogo kidogo. Katika mfano huu cherehani ilinunuliwa na mke kwa fedha za unga. Wazee walimpa kijana kitu ambacho hata marehemu hakuwa mwenyewe wake.

Liko na jambo lingine. Mahali pengine mjane hulazimishwa kulala na ndugu wa marehemu, ati kifo kimtoke mwilini. Jambo hilo ni uzinzi na ni jeuri juu ya mwanamke. Tena limeleta ugonjwa wa ukimwi katika nyumba nyingi. Mkristu hawezi kulifanya, wala kulishauri, wala kulinyamazia. Kifo hakikai katika mwili wa mjane kama uchafu. Kristu amekwisha kukishinda.

3. Mafundisho ya Mungu

Katika Agano la Kale Mungu alimpa Musa amri kali: mjane na yatima wasionewe, kwa maana wakimlilia Mungu, yeye mwenyewe atasikia. Elia nabii alipewa chakula na mjane wa Sarepta, mwenye konzi moja tu ya unga, na Mungu hakuuacha unga ule uishe. Yezu alipoona mjane wa Naim akimzika mwana wake wa pekee, alimhurumia kabla ya kuombwa. Aliwakemea waandishi waliokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Na msalabani, katika maumivu yake, alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye akamchukua kwake. Huo ndio urithi wa Kikristu: kumpokea mtu, si kupokea vitu tu.

Mitume nao, katika Eklezya ya kwanza ya Yeruzalemu, waliweka watu saba kwa sababu wajane wengine walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Na Mtakatifu Yakobo anafundisha kwamba dini safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika taabu zao. Basi mtu ajuaye sala zote, naye anakalia kiti cha yatima, dini yake bado haijawa safi.

4. Mafundisho yaliyotolewa Katanga

Katika nchi ya Katanga neno hili si geni. Padri Placide Tempels, Mfransiskani kutoka Ubelgiji, alitoa mwaka 1945 kitabu juu ya fikira za Wabantu, akionyesha jinsi wanavyouheshimu uzima kuliko vitu vyote. Tangu mwaka 1953, huko Musonoi karibu na Kolwezi, alikutana na wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao, na hapo ikaanza Jamaa. Walitafakari maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Walijifunza kwamba mume na mke wawe na wazo moja, wasifichane kitu. Baadaye wengine walipotoka, nao maaskofu wakawaonya. Lakini mbegu ile ilikuwa njema: mke si mgeni katika nyumba ya mumewe.

Wala Eklezya haiwadharau wahenga. Katika Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, wahenga wenye moyo mnyofu wanatajwa katika Misa pamoja na Watakatifu. Basi anayetaka kuwaheshimu wahenga na awaheshimu kwa haki. Mhenga mwema hafurahi akiona wajukuu wake wanalala chini.

5. Sheria ya nchi

Serikali nayo imesema. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, nao hupata robo tatu za urithi. Mjane yumo katika fungu la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Tena ana haki ya kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe na kutumia vyombo vyake. Kwa hiyo ni busara mume na mke waandikishe ndoa yao kwa serikali, wasingoje ugonjwa. Na mume mwenye akili huwaita wazee wake angali mzima, awaambie mbele ya mkewe kilicho cha nani.

6. Kijana afanye nini?

Kijana wa mfano anakwenda kwa wazee, anapiga magoti, anasema, “Wazee wangu, siwakatai. Ninyi ni ukoo wangu. Lakini cherehani hii ni ya mama, mke wa mjomba. Naomba ruhusa niirudishe.” Mzee mmoja anakasirika: “Dini imekufundisha kudharau damu yako?” Kijana anajibu kwa upole, “Hapana, mzee wangu. Mnasema ninasimama mahali pa mjomba. Je, mjomba angalikuwa hai, angaliwanyang'anya watoto wake chakula?” Wazee wananyamaza. Wengine wanaguna, mmoja anaondoka. Hawakubaliani wote siku ile.

Kijana anafunga cherehani juu ya baiskeli, anakwenda Ruashi. Anaviacha vyote viwili, kwa maana baiskeli nayo ni ya watoto. Anarudi kwa miguu. Hana mali, na wazee wengine hawamsalimii tena vizuri. Lakini amefanya kama Zakayo, aliyerudisha alichokuwa amewatoza watu, na wokovu ukaingia nyumbani mwake. Maana kusikitika peke yake hakutoshi. Kitu cha mwenzi sharti kirudishwe.

7. Maswali ya kukumbuka

Je, desturi zote za wazee ni mbaya? Hapana. Zile zinazolinda uzima, heshima na umoja ni njema, na Mkristu azishike. Zile zinazomwonea mtu aziache.

Je, mrithi anaweza kupokea kitu? Ndiyo, kama kilikuwa cha marehemu kweli, kama watoto na mjane wamepata haki yao, na kama yuko tayari kuwatunza.

Aliyechukua mali ya mjane afanye nini kabla ya ubatizo? Airudishe. Kama imekwisha kuuzwa, alipe kadiri awezavyo, kwa fedha au kwa kazi ya mikono yake.

Kusudio la juma hili: kila mkatekumeni akumbuke mjane mmoja wa kijiji chake, aende kumwamkia, alime pamoja naye, au amchotee maji. Na kama nyumbani kwake kuna kitu cha mjane, asikiache kilale humo mpaka siku ya ubatizo.