Kuchagua Cherehani ya Zamani kwa Nguo Nzito

Hapa Mbezi Luis, katika wilaya ya Ubungo, kazi ya fundi cherehani si magauni na mashati tu. Tangu Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilipofunguliwa mwaka 2021, wasafiri wa bara hupita hapa kila siku na mizigo yao, na mikanda ya mabegi hukatika. Tena kuna suruali za jinzi za kukunjwa, mabegi ya shule, na mifarishi ya vipande vya kitenge vilivyoshonwa tabaka juu ya tabaka. Kazi hizi zina faida, lakini zataka chombo chenye nguvu. Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kuchagua cherehani ya zamani itakayoziweza.

Twasema haya kwa sababu sisi wenyewe tulipata hasara. Tulinunua cherehani mpya, nyepesi, yenye kung'aa, kwa akiba ya miezi mingi. Ilishona kanga vizuri sana. Tulipoitia mfarishi wa kwanza, sindano ilivunjika mara mbili, kisha gurudumu dogo la ndani, ambalo kumbe lilikuwa la plastiki, likang'oka meno. Wazee wa watoto walikuwa wakingoja mabegi ya shule, na fedha zao tulikuwa tumekwisha kuzipokea. Hapo tulikumbuka mithali ya wazee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nguvu ya cherehani ya zamani yatoka wapi? Mwili wake ni chuma cha kusubu, na vyuma vyake vya ndani ni vya pua. Haina mapambo mengi. Hushona mshono mmoja ulionyoka, na kwa mfarishi au begi mshono huo watosha. Kadhalika uzito wake huizuia isitikisike sindano inapotoboa nguo nene.

Iliyo maarufu ni Singer ya namna ya 15, yenye bobini ya mviringo. Cherehani nyingi za Butterfly zilizotoka Shanghai, nchi ya China, zilifuata umbo hilo hilo, hata hutumia bobini na sindano za aina moja. Hii ni faida kubwa, maana chombo kisichopatikana vipuri ni sawa na jiwe. Ziko nyingine za kale zaidi, ambazo bobini yake ni ndefu na nyembamba, hukaa ndani ya chombo mfano wa mtumbwi. Nazo ni imara, lakini uulize kwanza kama vipuri vyake vyapatikana karibu nawe.

Singer ya 29K ni jamaa mwingine. Mkono wake ni mwembamba, na mguu wake hugeuka pande zote. Hiyo yafaa viatu, ngozi na viraka vya mabegi, lakini mshono mrefu wa mfarishi si kazi yake. Herufi K katika majina haya ni alama ya kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885, kikafungwa mwaka 1980. Basi mtu akikuambia kwamba cherehani yake imetoka huko juzi juzi, usimsadiki.

Sasa tutaje majaribio yapasayo kufanywa kabla ya kulipa.

Kwanza, zungusha gurudumu kwa mkono polepole. Likwame mahali pamoja, au lilie, uliza sababu. Pengine ni mafuta yaliyoganda tu, pengine ni chuma kilichopinda.

Pili, shika chuma kinachobeba sindano ukitikise kwa upande. Kikicheza sana, kimelika, na mishono itaruka.

Tatu, tazama meno yanayosukuma nguo. Yakiwa butu, nguo nzito haitakwenda. Tazama pia kama mwili una ufa, maana chuma cha kusubu kikipasuka ni shida kukiunga.

Nne, na hili ndilo kubwa, njoo na nguo yako mwenyewe. Wauzaji wengi hukuonyesha mshono juu ya kitambaa laini, nacho hakithibitishi lolote. Chukua kipande cha jinzi, ukikunje mara nne, na kipande cha mfarishi. Hakikisha mguu wainuka kiasi cha kuvipitisha. Tia sindano namba 16. Kwa nguo nzito zaidi, namba 18. Kisha shona, na kwenye mkunjo mnene zungusha gurudumu kwa mkono. Geuza nguo utazame chini. Uzi ukifanya vitanzi chini, kaza uzi wa juu au uupitishe upya. Vitanzi visipokwisha, iache cherehani hiyo.

Ukiisha kuinunua, itie mafuta ya cherehani, wala si mafuta ya kupikia, kwa kuwa hayo huganda yakawa kama gundi.

Neno la mwisho ni la hadhari. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudia kwamba cherehani za kale za Singer zina zebaki nyekundu yenye thamani kubwa. Watu walizinunua kwa makumi ya maelfu ya riali, na ndani hamkuwa na kitu. Walimu na viongozi wa mitaa wafanya vema kuwaonya watu juu ya hadaa kama hizo. Thamani ya cherehani ni mshono wake. Mwenye kuijaribu kwa nguo yake ndiye atakayekula jasho lake, na wateja wake watapata mabegi yao kwa wakati.