Mafunzo ya Bustani: Begonia na Maji Machache

Katika Machakos maji ni mali. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, ya kwanza kati ya Machi na Mei, na ya pili kati ya Oktoba na Desemba. Baina ya misimu hiyo nyumba nyingi huchota maji mbali au huyanunua kwa mtungi. Kwa hiyo mtu aonekanapo akimwagilia ua mlangoni, jirani huweza kuuliza kama hiyo si hasara. Jibu ni kwamba begonia haitaki maji mengi. Tena nyingi katika zile zifazo majumbani huuawa na maji yaliyozidi.

Sababu yake ni hii. Jamii ya begonia ina aina zaidi ya 2,000, na nyingi katika hizo asili yake ni misitu yenye kivuli na unyevu. Hata katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki imo begonia ya mwituni itambaayo juu ya miti. Zile za bustanini, zenye maua madogo mekundu, meupe au ya rangi ya waridi, zimetokana na begonia za Amerika ya Kusini. Mashina na majani yake ni manono, nayo huweka akiba ya maji. Mizizi yake ni myembamba, hukaa karibu na uso wa udongo. Ikizama katika tope hukosa hewa, ikaoza.

Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Mmea wenye kiu hulegea majani. Na mmea uliooza mizizi hulegea vivyo hivyo, kwa kuwa mizizi mibovu haiwezi kunyonya maji. Mwenye nyumba huona huruma, huongeza maji, na baada ya siku chache shina huanguka. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Basi kabla ya kumwagilia, yafaa kutia kidole udongoni mpaka kiungo cha kwanza. Udongo ukiwa mkavu, maji yatiwe; ukiwa na unyevu, ingojewe siku nyingine. Katika miezi ya baridi na mawingu, kuanzia Juni hata Agosti, udongo hukauka polepole zaidi.

Mkulima wa Machakos amezoea kazi iliyo kinyume cha hiyo. Shambani huchimba mitaro na kuinua matuta ya “fanya juu” ili maji ya mvua yasimponyoke. Lakini katika chungu cha begonia imempasa kuyapa maji njia. Debe au kopo litobolewe matundu chini. Udongo uwe sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni.

Maji yaliyooshea mboga yafaa sana, maadamu hayana sabuni wala chumvi. Yamwagwe udongoni, wala si juu ya majani, maana jani likikaa na maji huingia madoa na kuoza. Jani lililoshikwa na ukungu mweupe kama unga likatwe na kutupwa mbali. Mahali pazuri ni barazani panapopata jua la asubuhi, kwa kuwa jua kali la alasiri huunguza majani.

Mwenye begonia moja aweza kupata nyingi bila gharama. Akate tawi lenye urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo. Aondoe maua na majani ya chini, kisha alichomeke katika mchanga wenye unyevu kivulini. Baada ya majuma machache litatoa mizizi. Na yule jirani aliyeuliza habari ya hasara apewe tawi moja, pamoja na onyo hili: atie kidole kwanza, ndipo atie maji.