Nafasi ni Moja, Wagonjwa ni Wawili

Ndugu zetu wa vikundi, safari hii tunajifunza kutokana na mchezo wa kuigiza wa zamani, The Doctor's Dilemma. Uliandikwa na George Bernard Shaw, mzaliwa wa Ireland, ukachezwa mara ya kwanza London mwaka 1906.

Siku hizo kifua kikuu kilikuwa kinamaliza watu. Katika mchezo huu daktari Ridgeon amepata tiba, lakini wagonjwa anaoweza kuwahudumia ni wachache, na nafasi imebaki moja tu. Bibi mmoja, Jennifer, anakuja kumwombea mume wake, Louis Dubedat, mchoraji hodari sana. Ridgeon anapendezwa na zile picha. Na huyo bibi anampendeza zaidi.

Basi anawaalika chakula cha jioni pamoja na madaktari wenzake. Kumbe Louis anawazungukia hao madaktari mmoja mmoja, akikopa pesa! Kisha mtumishi wa hoteli anajitokeza kusema kwamba yeye ndiye mke wa mchoraji. Tena Blenkinsop, daktari maskini na mwaminifu, anaeleza kuwa naye kifua kimemshika.

Ridgeon anamchagua Blenkinsop, naye anapona. Louis anaachiwa daktari mwenye jina kubwa asiyeielewa tiba ile, naye anakufa. Ukitazama juu juu, utasema mtu mwema ndiye aliyesaidiwa. Lakini Ridgeon alijua vizuri mkono anaomtia Louis, na moyoni alitaka kumwoa mjane. Hapo ndipo penye shida yote.

Jennifer hata aambiwe nini, mumewe kwake ni shujaa. Wengine watamwita mjinga. Sisi tunaona alimpenda kweli. Ridgeon anapomwendea baadaye, anakuta mama ameshaolewa na mwingine.

(Leo kifua kikuu kinapona, na dawa ni bure katika vituo vya afya vya serikali. Anayekohoa asikae nyumbani.)

Sasa, hebu igizeni hivi kwenye mkutano wenu. Pesa za mkopo zinatosha mtu mmoja. Waombaji ni wawili: fundi hodari asiyelipa madeni, na jirani mwaminifu asiye na ujuzi mwingi. Mjumbe mmoja wa kamati ana jambo lake la siri na mmoja wao. Je, mjumbe huyo atoke nje wakati wa kuamua? Na asipotaka, ni nani kati yenu atakayemwambia?